Laki tano na nusu: S21 ya mtumba kutoka Dubai au A16 mpya ya boksi?

#1 Mkwakwani_Kaskazini
Wakuu, habari za jioni. Nina laki tano na nusu, nimeiweka kidogo kidogo tangu Ramadhani, nataka simu ya kukaa nayo. Jana nilishinda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikatoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Duka la kwanza kijana kanitolea Samsung Galaxy S21 ya mtumba, anasema imetoka Dubai, 520,000. Maduka matatu mbele nikaonyeshwa Galaxy A16 mpya, boksi halijafunguliwa, 440,000, na Redmi Note 13 mpya 470,000. Nimezishika zote. Kusema kweli S21 ni simu nyingine kabisa. Ukisogeza kurasa hakuna kusita, kamera ukiigusa imeshafunguka. Kwenye A16 ya maonyesho niligusa kamera, nikahesabu moja, mbili, ndipo ikaja.

Matumizi yangu: WhatsApp ya kazi, laini mbili (moja ya uwakala, haitakiwi kuzima mchana), picha na video za watoto, YouTube usiku. Michezo sichezi.

Msimamo wangu ni kwamba simu ya daraja la juu ya miaka ya nyuma inaishinda simu mpya ya bei hiyo hiyo. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo.

#2 KobeHakimbii
Nakuunga mkono mia kwa mia. S21 ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 8GB, kioo cha 120Hz kinachoteleza, video za 4K, IP68 ya kuzuia maji. A16 video inaishia 1080p, RAM kwenye ile ya bei hiyo ni 4GB mara nyingi. Na S21 ni kioo mbele na kioo nyuma, A16 ni plastiki. Hapa hakuna mashindano.

#3 binti_Mikindani
Kaka Mkwakwani, umesema laini ya uwakala haitakiwi kuzima mchana, halafu hukusema neno juu ya betri. Hapo ndipo pa kuanzia.

S21 ilitoka kiwandani Januari 2021 na betri ya 4000 mAh. Tuseme imetunzwa vizuri na sasa imebaki asilimia 80. Hiyo ni 3200. A16 mpya ni 5000 kamili. Unaanza siku ukiwa nyuma kwa 1800.

Nimekaa Newala misimu miwili nikifanya kazi na chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Kijijini tulikochukua chumba umeme ulikuwa wa sola ya mwenye duka, unachaji kwa mia tano, unaacha simu pale na karatasi ya jina lako imefungwa kwa mpira. Mimi nilikuwa na simu ya daraja la juu, sitaitaja, niliinunua mtumba kwa mapenzi yote. Saa saba mchana imekata. Siku ya mnada wakulima wanapiga kuuliza bei, simu iko kwenye foleni ya chaji. Mwenzangu alikuwa na simu mpya ya laki tatu, inalala na kuamka. Kamera yangu ilikuwa nzuri sana, lakini siku zile nani alihitaji kamera.

#4 Mkwakwani_Kaskazini
Dada, hiyo imeniingia. Ila mimi niko Tanga mjini, umeme upo, na kibandani nina soketi.

#5 fundi_vioo
Salaam. Nafungua simu kila siku, mwaka wa tisa huu, kwa hiyo naomba nafasi kidogo.

Kwanza namsahihisha KobeHakimbii #2. S21 ya kawaida mgongo wake ni plastiki. Kioo nyuma ni kwenye S21 Plus na S21 Ultra. Si kasoro, mgongo ule haupasuki hovyo, ila tusimwambie mtu kisichokuwepo.

Pili, IP68. Ile ni ahadi ya simu ikiwa nzima, gundi yake ya kiwandani haijaguswa. Mtumba mwingi umeshafunguliwa mara moja. Mgongo unabanduliwa kwa joto, unaingiza kadi nyembamba ya plastiki pembeni, unazungusha mpaka gundi yote ikatike. Ukimaliza unatakiwa usafishe ukingo wote na spiriti, uweke gundi mpya iliyokatwa kwa umbo la simu hiyo. Wengi wanapaka gundi ya mirija pembe nne tu. Ipeleke simu hiyo baharini uone. Kabla ya kulipa, pitisha ukucha polepole kwenye mstari kati ya mgongo na fremu. Ukucha ukikwama mahali, au ukaona gundi imekauka kama maziwa, imefunguliwa.

Tatu, kioo. Kwenye Samsung piga *#0*# kama unapiga simu. Itafunguka menyu ya majaribio: nyekundu, kijani, bluu, spika, mtikisiko, mguso. Bonyeza rangi moja moja, ongeza mwanga mpaka mwisho, ingia kivulini. Unatafuta kivuli kilichogandia cha kibodi upande wa chini na mstari wa alama za saa juu. Baada ya hapo jaribu mguso, chora mpaka pembe zote. Kioo halisi cha S21 kwangu kinakula zaidi ya nusu ya hizo 520,000. Cha A16 hakifiki huko.

Nne, betri. Samsung za umri huo hazikupi asilimia ya afya ya betri kama iPhone. Muuzaji akikwambia "betri asilimia 95", muulize kaiona wapi.

Sijasema usinunue. Nimesema ujue unanunua nini.

#6 Mkwakwani_Kaskazini
Fundi Mungu akubariki. Hiyo namba ya nyota sikuijua. Jumamosi narudi.

#7 MachoManne
Mnabishana Samsung kwa Samsung, Redmi Note 13 mmeiacha nje. Ina kamera ya megapikseli 108. S21 ina 12. Mtu anapiga picha za watoto, namba si zinajieleza?

#8 pichaZaUani
MachoManne, namba hizo ndizo zinazowaumiza watu. Naomba nieleze taratibu, maana naishi kwa kupiga picha za nguo na kuziuza Instagram.

Redmi Note 13 ile ya 4G ikipiga picha ya kawaida inachanganya vinukta 9 kuwa 1. Gawa 108 kwa 9 unapata 12. Picha inayokaa kwenye galari ni ya megapikseli 12, sawa na ya S21. Tofauti inakuja kwenye ukubwa wa kinukta kimoja, kwenye lenzi na kwenye chipu inayoichakata picha. Zaidi ya yote S21 ina OIS, lenzi inatulia mkono ukitetemeka. Hizo mbili mpya hazina.

Jaribu hivi. Saa moja jioni, taa ya sebuleni moja tu, mtoto anakimbia kuelekea kwako. S21 utapata picha tatu nzuri kati ya tano. Simu ya laki nne mpya, uso unatoka kama umepitishwa kitambaa kibichi. Mchana juani, nakiri, zote zinapendeza na mteja hajui.

Kwa hiyo swali si megapikseli. Swali ni watoto wako unawapiga picha saa ngapi.

#9 MachoManne
Nimejifunza. Ila video vipi?

#10 pichaZaUani
Redmi hiyo na A16 zote 1080p. S21 4K na inatulia. Kama unatunza video za watoto wakiwa wadogo, hazirudi tena hizo.

#11 mwl_wa_zamu
Mimi naangalia miaka. Samsung waliahidi S21 vizazi vinne vya Android na miaka 5 ya sasisho za usalama. Ilitoka na Android 11, kwa hiyo mwisho wake ni Android 15, na usalama piga hesabu kutoka 2021. A16 iliyotoka mwishoni mwa 2024 wameiahidi vizazi 6 na miaka 6. Hiyo inakwenda mpaka 2030. Simu ya laki nne imeahidiwa miaka mingi kuliko ile iliyokuwa ya milioni mbili na zaidi.

Ndugu ana pesa za watu kwenye simu. Uwakala! Anawekaje pesa za wateja kwenye simu ambayo mwenye kiwanda ameacha kuziba matundu?

#12 KobeHakimbii
Mwalimu, heshima yako, ila mawakala wangapi wanafanya kazi na kitochi na menyu ya nyota? Hawana Android kabisa. Sasisho si ugonjwa wa kumnyima mtu usingizi.

Halafu A16 yenye RAM 4GB ikifika Android ya 2030 itakuwa inatembea au inatambaa? Kuahidiwa sasisho na kuweza kuzibeba ni mambo mawili.

#13 mwl_wa_zamu
Hoja ya RAM naikubali, hiyo ni ya kweli. Ya kitochi hapana. Kitochi hakina barua pepe yako, hakina picha za vitambulisho vya wateja ulizopiga, hakifungui viungo vya WhatsApp. Kinachoibiwa hakipo ndani.

#14 Sheha_wa_Mtaa
Na maboksi siku hizi yanaandika "16GB" kwa herufi kubwa. Soma chini yake: 8 + 8. Hizo 8 za pili zimekopwa kwenye hifadhi, si RAM ya kweli. Mwanangu alirudi na moja kutoka dukani, furaha tele, siku ya tatu inakwama hata kwenye kibodi. Ukiambiwa RAM, uliza ya kweli ni ngapi.

#15 mpemba_wa_Deira
Assalaam alaykum. Niko Dubai, Deira, kazi yangu kwa miaka minne ilikuwa kupanga simu za mtumba kwa madaraja kabla hazijapakiwa. Nataka muelewe jambo moja. Ukiambiwa simu "ya Dubai", Dubai ni kituo tu. Zinakuja kwa mafungu kutoka Marekani, Korea, Japani, Ulaya. Sisi tunazipanga A, B, C kwa macho: mikwaruzo, pembe, kioo. Mtu ana dakika mbili kwa simu, meza imejaa. Betri haipimwi, inawashwa tu.

Kaka Mkwakwani, ingia kwenye mipangilio, kuhusu simu, usome namba ya modeli. SM-G991B ni ya kimataifa. SM-G991U ni ya Marekani. SM-G991N ni ya Korea. Wewe unataka laini mbili. Hiyo ya Marekani ina kitundu kimoja cha kadi ya laini. Simu nzuri, lakini laini yako ya pili utaishika mkononi.

#16 Mkwakwani_Kaskazini
Sheikh, umeniokoa. Nilipoitazama jana sikutoa hata kile kisahani cha laini. Nilikuwa naangalia kamera.

#17 MachoManne
Na ya Marekani ndiyo yenye chipu ya Snapdragon 888, yenye nguvu zaidi. Yetu huku zote ni Snapdragon pia si ndiyo?

#18 fundi_vioo
Hapana. G991B ni Exynos 2100. Na usiililie Snapdragon 888, chipu ile ya 2021 ilijulikana dunia nzima kwa kuchemka. Zote mbili si baridi. Helio G99 iliyo kwenye A16 ya 4G haina mbio hizo, ila inakaa na ubaridi wake siku nzima.

#19 dereva_wa_Ubungo
Kuchemka ni jambo msilolijua nyie mnaokaa ndani. Mimi simu iko kwenye kishikio cha bodaboda kuanzia saa mbili asubuhi, ramani imewashwa, mwanga mpaka mwisho. Apple wenyewe wanaandika simu itumike kwenye joto la nyuzi 0 hadi 35. Dar Februari kivulini tu ni 32 au 33. Juani juu ya tangi la pikipiki?

Nimewahi kuwa na mtumba wa daraja la juu. Saa sita inafifisha mwanga yenyewe, ramani siioni, abiria nyuma ananiambia tumepita kona. Nikaiuza, nikachukua mpya ya bei ya chini yenye betri ya 5000. Picha mbaya, sikatai. Ila jioni narudi nyumbani nayo ikiwa hai.

#20 Likoni_Feri
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mtumba tunaita za Uingereza, hata kama haijawahi kuiona Uingereza. Nataka kuwapinga dereva na binti kwa heshima. Mimi nilinunua simu ya daraja la juu ya mtumba, siku hiyo hiyo nikapita kwa fundi nikabadilisha betri kwa hela ya Kenya elfu tatu na kitu. Niko nayo mwaka wa tatu. Betri ni kitu cha kubadilisha. Kamera, kioo na chipu ya simu ya bei ya chini utazibadilisha na nini?

Bei ya mtumba ihesabuni pamoja na betri mpya, halafu ndipo mlinganishe.

#21 fundi_vioo
Likoni_Feri amesema vizuri, ila aongeze: betri gani? Sokoni kuna halisi, kuna nakala nzuri, kuna zilizobandikwa karatasi mpya juu ya betri ya zamani. Nimezitoa hizo kwa mkono wangu, karatasi inavutika, chini yake tarehe ya miaka minne nyuma. Nunua kwa mtu atakayekuwepo mwezi ujao.

#22 kaka_mkubwa_Ilala
Mnazunguka bure. iPhone 11. Bei hizo hizo. Ukitaka kuiuza mwakani unarudisha pesa yako karibu yote, jambo ambalo A16 haiwezi.

#23 MachoManne
iPhone 11 Apple wameshaitupa na mfumo wa iOS 26.

#24 kaka_mkubwa_Ilala
Si kweli. Zilizoachwa na iOS 26 ni XR, XS na XS Max. iPhone 11 ya Septemba 2019 imepata. Na mtumba wake unajieleza: mipangilio, kuhusu, inakuonyesha kama betri au kioo kimebadilishwa, na kama si halisi inasema haikijui. Samsung ya umri huo haina uaminifu huo.

#25 binti_Mikindani
Kaka mkubwa, shikamoo. Betri yake ni 3110. Nimemaliza.

#26 kaka_mkubwa_Ilala
Marahaba. Binti huyu betri haziachi. Sawa, betri umeshinda. Bei ya kuuzia nimeshinda mimi.

#27 mama_wa_mapacha
Jamani, nauliza tofauti kidogo. Mimi natumia A16, mwezi wa saba sasa. Nimewasoma mnaiponda. Inakwama kidogo nikiwa na apu nyingi, ndiyo. Lakini haijanisumbua na mapacha wameidondosha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Swali: nikiweka kadi ya kumbukumbu laini ya pili inapotea? Au nimekosea kuweka?

#28 fundi_vioo
Hujakosea mama. Kitundu cha pili ni cha kushirikiana, ama laini ama kadi. Mkwakwani hili linakuhusu pia: ukichukua A16 kwa laini mbili, kadi sahau, chukua yenye hifadhi kubwa toka mwanzo. S21 nayo haina nafasi ya kadi kabisa.

#29 mwl_wa_zamu
Na popote utakaponunua, piga *#06#, namba ya IMEI (utambulisho wa simu yenyewe) ilingane na ya kwenye boksi, halafu itume kwenda 15090 upate jibu. Wenye kumbukumbu wanajua Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki, watu waliamka simu zimekuwa vioo vya kujitazamia.

#30 Sheha_wa_Mtaa
Nakumbuka. Mtaani kwetu asubuhi ile vijana walikuwa wanaulizana saa.

#31 pichaZaUani
Mkwakwani, kabla hujaenda Jumamosi: nenda jioni, si mchana. Piga picha ndani ya duka taa za nyuma zikiwa zimezimwa, kwa simu zote mbili, jitumie WhatsApp uzitazame nyumbani. Dukani mchana kila kamera ni nzuri.

#32 Mkwakwani_Kaskazini
Wakuu nimerudi Kariakoo, nimesimama nje ya duka. Mrejesho wa haraka.

S21 ya juzi ilikuwa SM-G991U. Kitundu kimoja, kama sheikh wa Deira alivyosema. Nilipopiga ile namba ya nyota na kuweka rangi nyekundu, mstari wa kibodi ukaonekana wazi, nikamwonyesha kijana. Hakubisha. Akasema "hiyo ndiyo bei yake, kaka". Sasa amenitolea S22, namba ya modeli inaishia na B, laini mbili, kioo safi, ukucha haukwami. 600,000, akishuka sana 580,000. Nina 550,000. Duka la A16 liko wazi, wana ya 8GB na 256 kwa 530,000. Picha nimejitumia kutoka zote mbili. Ya S22 siwezi kusema haikunigusa.

#33 mwl_wa_zamu
S22 ni ya Februari 2022, vizazi vinne kuanzia Android 12, kwa hiyo inafika 16. Afadhali ya S21. A16 bado inaizidi miaka.

#34 binti_Mikindani
S22 ni 3700 mAh. Imepungua hata kuliko S21. Kaka, naomba unijibu swali moja: simu uliyoshika sasa hivi ina chaji asilimia ngapi?

#35 Mkwakwani_Kaskazini
Kumi na moja.

#36 Likoni_Feri
Hiyo ni simu yake ya zamani, binti. Mkwakwani, muulize bei ya betri halisi ya S22 hapo hapo kwa fundi wa jirani, ujumlishe, ndipo uamue.

#37 KobeHakimbii
Na mwambie 550,000 taslimu mkononi, sasa hivi, halafu anza kuondoka polepole.